Nani Atakagua Tarakimu ya 528?

Ndugu msomaji, mwaka 1873 Mwingereza mmoja aitwaye William Shanks, mwenye shule ya bweni katika mji mdogo wa Houghton-le-Spring, alichapisha namba yenye tarakimu 707 baada ya nukta. Namba hiyo ni pai, ile ile tuliyofundishwa darasani kwamba ni mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake. Shanks hakuwa na mashine. Alikuwa na kalamu, karatasi, na subira ambayo mimi sina. Tarakimu za mwanzo alikwisha kuzichapisha mwaka 1853, kwa hiyo hapo ni miaka ishirini anaikokota namba moja. Akafariki mwaka 1882 akiamini kwamba ameacha duniani kitu kilicho sahihi, na dunia nayo ikaamini hivyo. Jumba la sayansi la Paris, Palais de la Découverte, liliziandika tarakimu zake katika chumba cha duara mwaka 1937, watu wapite wakizitazama kama wanavyotazama aya msikitini.

Kumbe hesabu ilikwisha kuharibika tangu tarakimu ya 528. Kosa moja, na kila kilichofuata kikaenda nalo.

Swali langu ni hili, na nimelala nalo miezi kadhaa: ubaya wake ulikuwa nini? Hakuna daraja lililoanguka. Hakuna mtu aliyekosa chakula. Wale wanaorusha vyombo vya Wamarekani kwenda sayari nyingine hutumia tarakimu kumi na tano tu baada ya nukta, na vyombo vinafika. Ukizitumia kama arobaini hivi, unaweza kupima mzingo wa ulimwengu wote unaoonekana na usikosee hata kwa unene wa chembe moja ya atomu. Sasa ya 528 ni ya nini? Nani atakayeikagua? Na kama hakuna atakayeikagua, je, mtu ana deni la kuiandika sawasawa?

Najua baadhi yenu mmekwisha kuanza kufunua kurasa mtafute hadithi ya mapenzi. Ngojeni kidogo. Jambo lenyewe si la hisabati.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nilimaliza kidato cha nne, na alama yangu ya hisabati naomba tusiizungumze hapa. Nafanya kazi katika duka la steshenari hapa Dar es Salaam: natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga lamineti vyeti vya watu waliofaulu kuliko mimi. Usiku, mwenye duka akishafunga hesabu zake, ananiachia kompyuta hadi saa nne niandike riwaya yangu. Riwaya iko sura ya tisa, mwaka wa pili sasa.

Aliyenituma kwenye pai ni mhusika wangu. Ni mwalimu wa hisabati, mjane, anayekaa barazani jioni akihesabu tarakimu za pai ili asisikie ukimya wa nyumba. Nilihitaji tarakimu za kumtia kinywani. Ningeweza kuzinakili mahali, zimejaa tele. Lakini niliona haya. Mwalimu wangu wa kwenye karatasi azihesabu mwenyewe, halafu mimi ninayemuumba nizinakili? Basi nikaamua kuandika programu. Lugha ya Python nilijifunza kwa kubahatisha bahatisha, mteja akiwa hayupo.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na mistari sita. Ilifuata ile kanuni ambayo Wazungu huiita ya Leibniz, ingawa wataalamu wa Kerala kule India waliijua kabla yake: chukua moja, toa theluthi moja, ongeza moja ya tano, toa moja ya saba, ongeza moja ya tisa, endelea hivyo hivyo, mwisho zidisha kwa nne. Nzuri mno! Hata mimi niliyekuwa nakaa dawati la nyuma naielewa. Nikaiambia kompyuta iende hatua milioni moja. Ikaenda, ikaniletea hii:

3.1415916535

Nikashangilia. Halafu nikailinganisha na iliyo sahihi:

3.1415926535

Tazama tena, taratibu. Tarakimu ya sita baada ya nukta ni 1 badala ya 2. Zinazofuata, 6535, ni sahihi! Sikujua kama hilo linawezekana. Nilidhani kosa likishaingia huonekana, kama shati lenye doa. Kumbe linaweza kukaa katikati ya ukweli kama mtu aliyejialika harusini: amevaa vizuri, anakula pilau, na walioketi kulia na kushoto kwake wote wana kadi.

Baadaye nilielewa sababu. Kanuni ile ukiisimamisha baada ya hatua milioni moja, inabaki nyuma ya pai kwa karibu sehemu moja ya milioni. Na ni ya uvivu ajabu: kila ukitaka tarakimu moja zaidi, shurti uzidishe hatua mara kumi. Ukitaka tarakimu elfu moja, hatua zinazotakiwa ni moja yenye sifuri elfu moja nyuma yake. Jua litazimika kompyuta ingali inahesabu.

Hapo ndipo nikakutana na John Machin. Huyu, mwaka 1706, alipata tarakimu mia moja kwa mkono. Alichukua mfululizo wa jamii ile ile, lakini hakuanzia kwenye moja. Aliandika mifululizo miwili, mmoja wa moja ya tano na mwingine wa moja ya 239. Wa kwanza unauzidisha kwa kumi na sita, wa pili kwa nne, kisha unatoa. Faida yake ni kwamba kila hatua ya mfululizo wa kwanza inapungua zaidi ya mara ishirini na tano kuliko iliyotangulia, na ule wa pili unakimbia zaidi ya hapo. Kwa tarakimu elfu moja unahitaji kama hatua 715 za kwanza na 210 za pili. Hata elfu moja hazifiki! Na Python haichoki na namba ndefu, kwa hiyo unaikuza kila kitu kwa sifuri elfu moja na kufanya kazi kwa namba nzima, bila desimali.

Nikabonyeza. Kabla sijainua kidole, tarakimu elfu moja ziko mbele yangu. Kanuni hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Shanks. Ndiyo pia waliyoipa mashine ya ENIAC kule Marekani mwaka 1949, ikatoa tarakimu 2,037 kwa saa kama sabini. Mimi, mchapaji wa barua, nilipita pale Shanks alipoanguka bila hata kupaona.

Ila tarakimu za mwisho zilikuwa mbovu. Zilitakiwa ziishie na 1989. Zangu ziliishia na kitu kingine. Kila unapogawanya namba nzima, kinabaki kijisehemu kinachotupwa. Kijisehemu si kitu, lakini ukitupa mamia ya vijisehemu, vinakusanyika mkiani. Dawa yake ni kubeba tarakimu kumi za ziada tangu mwanzo, halafu ukifika unazikata. Nikafanya hivyo. 1989 ikatokea, nikapiga meza kwa furaha, mlinzi wa nje akauliza kuna nini.

Sasa niseme kilichonifanya niandike makala hii.

Mwanzoni mwa mwaka alikuja dukani mzee mmoja na madaftari matatu makubwa, yale ya kaunta buku. Ameyajaza kwa mkono, kalamu ya bluu. Alikuwa kibarua wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka hapa Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kilometa 1,860. Yeye alikuwa kipande cha kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima ilikataa na watu wakaipasua kwa mahandaki. Macho yake yana mtoto wa jicho. Alitaka kazi ichapwe, nakala moja, apelekewe mwanawe aliyeko Mbeya. Tulipatana bei ya jumla, si ya kurasa.

Nilichapa wiki tatu. Kusema kweli kuna mahali mzee yule anaandika kuliko mimi. Lakini katika daftari la pili nikafika kwenye kurasa nne za majina matupu. Jina, jina, jina, mistari imebanana, mwandiko mdogo, mengine yana alama ndogo pembeni. Ilikuwa usiku, saa nne inakaribia, na sura yangu ya tisa inanisubiri. Nikajiambia: nani husoma majina? Nikafunua kurasa nne kwa mkupuo, nikaendelea na handaki.

Alipokuja kuchukua, aliipapasa ile nakala kama mtu anayepima kitambaa.

"Kijana, umeandika yote?"

"Yote, mzee."

"Hata majina?"

"Hata majina."

Akanilipa, akanishukuru, akaniombea dua. Zile pesa nilinunulia viatu.

Miezi miwili baadaye ndipo nikaisoma habari ya Shanks, katika kutafuta namna ya kuharakisha programu. Nilipofika kwenye tarakimu ya 528 nilihisi kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

Mtu atasema, na mshikaji wangu wa kijiweni alisema: "Acha zako bwana. Wewe na huyo Mzungu lenu moja. Mmekosea, hakuna aliyeumia, yamekwisha." Nilikaa na maneno yake siku mbili tatu nikitamani yawe kweli. Lakini hatukuwa sawa, mimi na Shanks. Yeye alisema kweli kuhusu jambo ambalo hakulijua vema. Alidhani amefika. Mimi nilijua sikufika nikasema nimefika. Tarakimu zake zilikuwa mbovu na yeye alikuwa mzima. Nakala yangu, kila neno lililomo ni sahihi, herufi kwa herufi, na yenyewe kwa ujumla ni uongo. Ni 3.1415916535.

Halafu kuna hili la njia fupi, linalonichosha zaidi, maana ndilo nililojitetea nalo usiku ule. Sisi vijana tunasifiwa kwa njia za mkato. Na pai inazisifu kweli kweli! Historia yake nzima ni ya kutafuta mkato. Archimedes alizungusha poligoni ya pande 96 kupata kwamba pai iko kati ya tatu na kumi ya sabini na moja, na tatu na moja ya saba. Ludolph van Ceulen, kwa njia ya jamii hiyo hiyo ya pande nyingi, alipata tarakimu 35, zikachongwa kwenye kaburi lake kule Leiden. Leo kuna kanuni ya ndugu wawili, akina Chudnovsky, iliyotolewa mwaka 1988 kwa kufuata nyayo za Ramanujan wa India, ambayo kila hatua yake inaleta tarakimu kumi na nne kwa mpigo. Kwa kanuni hiyo Emma Haruka Iwao, akiwa Google, alifikisha tarakimu trilioni 100 mwaka 2022, na waliomfuata wamepita hapo. Hakuna anayemwambia mwanamke yule kwamba ni mvivu kwa kuwa hakuzungusha poligoni.

Basi mbona yeye si mvivu na mimi nilikuwa mvivu? Wote tumekata njia. Nadhani jibu liko hapa: mkato wa Machin unakufikisha pale pale ambapo njia ndefu ingekufikisha. Ametupa jasho, hakutupa tarakimu hata moja. Mimi nilitupa majina nikabaki na jasho langu.

Mwandishi mwenzangu atanishika hapa. Atasema, je, sisi hatukati? Mimi mwenyewe nimefuta sura mbili nzima za riwaya yangu, na mhariri akija atafuta nyingine. Ndiyo, tunakata, na kazi nyingi zinazoletwa kwenye majarida yetu haya zingepona kama zingekatwa nusu. Lakini sura zile ni zangu, na hakuna aliyeniuliza "hata majina?"

Kuna jambo moja zaidi katika habari ya Shanks. Yeye hakuwa mtu wa kulipualipua. Angekuwa hivyo asingefika 527 zilizo sahihi. Lakini macho yaliyozaa kosa ndiyo hayo hayo yanayolipita. Kila mwenye mswada anajua: umeusoma mara saba, rafiki anaufungua ukurasa wa kwanza na kukuonyesha jina la shujaa limeandikwa vibaya. Alikuwapo hata mtu aliyeona kitu. Augustus De Morgan aliangalia tarakimu zile za kwanza za Shanks akasema ajabu, namba 7 inatokea mara chache kuliko wenzake. Aliona, akashangaa, ikaishia hapo. Ilibidi aje D. F. Ferguson, miaka ya 1940, ahesabu upya kwa kanuni nyingine kabisa. Mwaka 1946 akatangaza kwamba wanaachana kwenye 528. Jumba la Paris likarekebisha chumba chake mwaka 1949.

Kanuni nyingine kabisa, ndiyo siri yake. Wenye trilioni zao wanafanya hivyo hivyo hadi leo. Wakimaliza, wanachukua kanuni ya Bailey, Borwein na Plouffe, iliyopatikana mwaka 1995, ambayo ina maajabu yake: inaweza kukuambia tarakimu ya mbali bila kupitia zilizotangulia, mradi uhesabu kwa mtindo wa kumi na sita badala ya kumi. Ni kama kuchungulia ukurasa wa mwisho wa kitabu ambacho bado hakijaandikwa. Mkia ukilingana, wanatulia. Trilioni mia moja ambazo hakuna binadamu atakayezisoma, wala hakuna anayezihitaji, na bado hawatangazi mpaka wamempata shahidi wa pili. Huwa najiuliza wanamwogopa nani.

Nilimpigia simu yule mzee siku ya Alhamisi. Akapokea binti yake, akanielekeza Mbagala. Jumapili nikapanda daladala, nina daftari tupu na kalamu mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyu?"

Nikajitaja. Akafurahi, akaagiza chai. Nakala ilikuwa pale pale juu ya kabati, ndani ya ule ule mfuko wa dukani, fundo halijafunguliwa. Mwanawe wa Mbeya alikuwa bado hajaja. Hakuna mtu hata mmoja aliyeisoma. Ndugu msomaji, sitaficha: nilipouona ule mfuko, nusu yangu ilisema kunywa chai, sema ulikuja kumjulia hali, nenda zako. Nani angejua?

Nikamwambia. Sikuzunguka, niliogopa nikizunguka nitapata mkato mwingine.

Alinyamaza muda mrefu. Akamwambia mjukuu wake alete daftari la pili. Akalipapasa mpaka akazifikia zile kurasa, anazijua kwa mkono. Kalamu ilikandamizwa sana pale.

"Hizi alama ndogo uliziona?"

"Niliziona, mzee. Sikujua ni nini."

"Hao hawakurudi na sisi."

Chai ilipoa. Mjukuu alikuwa mlangoni ananitazama, msichana wa kama kidato cha pili, sitaki hata kusema alivyonitazama.

"Na kwa nini umekuja?" akauliza mzee. "Mimi sioni. Mwanangu asingejua."

Sikuwa na jibu la kiutu uzima. Nikamsimulia habari ya Shanks, vibaya vibaya, duara na kipenyo na ukuta wa Paris. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Mzungu wako, walimrekebishia akiwa amekwisha kufa?"

"Ndiyo, mzee. Zaidi ya miaka sitini."

"Basi mimi nina bahati," akasema, akacheka kidogo, lakini hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Majina ni 118. Nayachapa jioni, kabla ya riwaya. Jumapili naenda Mbagala, mjukuu anashika daftari, mimi nashika karatasi. Yeye anasoma kutoka jina la mwisho kurudi la kwanza, kwa sababu tukisoma kutoka juu ulimi wangu unatangulia na kusema kinachotakiwa badala ya kilichoandikwa. Mzee anasikiliza kitandani. Mara mbili ametusimamisha: jina limesomwa sawa na mimi, sawa na mjukuu, na wote tumekosea, kwa sababu yeye mwenyewe alikosea kuliandika.

Hadi Jumapili iliyopita tumehakiki 57. Jina la 61 kutoka chini linanitatiza. Herufi ya tatu inaweza kuwa n, inaweza kuwa u, na wino umesambaa. Lina alama pembeni. Nimeacha nafasi wazi kwenye karatasi, wiki hii nitamuuliza.